Saa Nne Baada ya Dawa

Kopo lilikuwa jeusi, la majani ya chai, na kifuniko chake kilikaza mpaka Mkuu wa kituo cha polisi akalazimika kulibana kwapani ndipo likafunguka. Alichungulia ndani, akanusa, akapiga chafya mara mbili, halafu akalisukuma upande wa pili wa meza, mbele ya Inspekta.

"Maabara wanasema nini?"

Inspekta alimsomea. Vitamini C, magnesiamu, zinki, na rangi kidogo ya machungwa. Zaidi ya hapo, hakuna. Hakuna sumu ya panya, hakuna dawa ya wadudu, hakuna kitu ambacho hakikuandikwa kwenye pakiti. Ulikuwa ule unga wa lishe ambao watu hununua duka la dawa, wakauchanganya na maji wakanywa, ili mwili usichakae upesi.

"Kwa hiyo ni unga wa kweli," alisema Mkuu, kama mtu aliyedhulumiwa.

Kesi ilikuwa imeanza vibaya kwa sababu ya neno hilo hilo. Askari wa zamu aliandika kwenye kitabu cha matukio kwamba mshukiwa amekutwa na kopo la unga, akaishia hapo. Muda si muda kikosi cha dawa za kulevya kilikuwa kimejaa sebuleni kwa mzee wa watu, wao na mbwa wao. Mbwa alinusa kopo, akapiga chafya, akaenda kulala chini ya meza. Tangu siku hiyo Mkuu hakutaka mzaha wowote kuhusu kopo lile.

Mzee mwenyewe alikuwa hospitali kwa siku ya nne. Mtaani walimwita Mzee Nukta, kwa kuwa miaka thelathini na moja alikuwa msahihishaji wa gazeti, na hata baada ya kustaafu hakuweza kuona sentensi isiyo na nukta akanyamaza. Wiki kumi nyuma, binti yake aliyekuwa akimtunza, mshonaji wa nguo, alipata kazi kiwanda cha sare mji mwingine, akamwacha mikononi mwa mke wa kaka yake. Kaka huyo ni dereva wa lori la masafa marefu. Nyumbani kwake yeye ni mgeni. Tangu hapo mzee akaanza kuzima kidogo kidogo. Akawa anasikia baridi juani. Uso ukavimba, sauti ikakwaruza, maneno yakaanza kumpotea. Binti alipokuja kumtembelea alimkuta akiiita birika kwa jina la marehemu mama yao. Siku mbili baadaye mzee hakuamshika. Binti alitoka hospitali moja kwa moja hadi kituoni, akasema wifi yake anamuua baba yake kwa glasi.

"Sumu si lazima ikae koponi," alisema Mkuu. "Anaitia kwenye glasi, glasi anaiosha."

"Daktari amepima damu, afande. Hakuona sumu."

"Hakuona aliyoijua."

Inspekta alikuwa na daftari lenye kurasa kumi na tisa, na kila alipoligeuza aliona jambo lililokuwa kweli jana limekuwa na shaka leo.

Mkuu alifunga kopo. "Muda wako ni saa sita, Inspekta. Ikipita hapo, faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka kama lilivyo, na yule mwanamke anakwenda nalo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu asubuhi na dakika chache. Inspekta alihesabu kwa vidole chini ya meza, akachomoa kalamu, akaandika kiganjani tarakimu moja: 9. Alasiri. Muda haukuwa mwingi, lakini ulikuwepo.

*

Mkaza mwana wa Mzee Nukta aliletwa kwenye chumba cha mahojiano amejifunika mtandio kifuani. Ana mtoto wa miezi saba, ameachwa kwa jirani, na blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa. Alikaa wima, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja chini, bila kuambiwa. Miaka sita alikuwa mpakiaji katika ghala la majani ya chai, na huko kila asubuhi mtu alikaguliwa mikono mlangoni.

Inspekta alianza na lililokuwa baya zaidi. Kwa nini aliutupa unga aliouacha wifi yake?

"Ulikuwa kwenye chupa ya kioo, afande, dirishani, juu ya jiko. Jua linaupiga, mvuke wa sufuria unaingia. Nilipofungua niliukuta umeshikana mabonge, umekuwa kahawia. Ghalani mzigo wa namna hiyo haupakiwi. Unamwagwa."

"Ukanunua mwingine, ukautia kwenye kopo jeusi, ukauficha nyuma ya kabati."

"Sikuuficha. Niliuweka. Pakavu, pasipo mwanga, mbali na jiko."

"Kwa nini usiuweke kwenye friji, kama ni baridi unaitafuta?"

"Friji ukifungua na kufunga, kopo linatoa jasho kwa ndani. Jasho ndilo linaloua unga." Aliinua macho, akaona neno lililomtoka, akayashusha tena.

Inspekta aliandika neno lile kwa sababu sheria ilimtaka aandike. Kisha akatoa kwenye bahasha kifuko kidogo cheupe kilichochanika, kimeandikwa USILE kwa herufi kubwa. Binti wa mzee alikiokota kwenye pipa la taka la jikoni, na Mkuu alikuwa amekishika kama mtu aliyeshika shingo ya mwizi.

"Hicho ni cha kunyonya unyevu," alisema yule mwanamke. "Kinatoka humo humo kwenye pakiti. Hicho kilichanika nikakitupa, nikatia kingine kizima."

Maabara nao walisema hivyo hivyo. Inspekta alikisukuma pembeni, akaja kwenye glasi. Jirani ameeleza kwamba kila asubuhi mama huyu alikuwa akimsimamia mzee kama askari magereza mpaka glasi iishe, akimnyang'anya na kuiosha papo hapo.

"Ukishaingia majini haukai, afande. Maji ya baridi, kijiko kikavu, unakoroga, unanywa. Ukiuacha, nguvu inapotea. Na Baba nikimwacha na gazeti lake, glasi ingekaa mezani mpaka mchana, anawinda makosa."

"Ulimpa saa ngapi?"

"Saa nne. Kengele ya mapumziko ya shule ikilia, mimi nimeshika glasi. Sijakosa siku hata moja. Hata mtoto alipokuwa na homa."

"Na dawa yake ya tezi ya shingo?"

"Akiamka tu, kabla hajatia kitu tumboni. Saa tatu na nusu hivi. Baba si wa kuamka mapema."

Dawa hiyo Mzee Nukta amekuwa akinywa miaka tisa, kidonge kimoja cheupe kila asubuhi. Daktari alikuwa ameagiza chupa yake, akavimwaga vidonge mezani na kuvihesabu mbele ya Inspekta. Vyote vilivyopaswa kuliwa vilikuwa vimeliwa.

Inspekta alitazama ukurasa wake. Alikuwa ameugawa kwa mstari, upande huu yanayomtia hatiani, upande ule yanayomtoa. Pande zote mbili zilikuwa na maneno yale yale. Makini. Hakosi. Anasimamia. Anaosha. Mtu anayempenda mzee angefanya hivyo, na mtu anayemuua angefanya hivyo hivyo.

"Afande," alisema yule mwanamke akiwa ameshainuka. "Mtoto amekula?"

Inspekta hakujua. Alisema atauliza, na alipotoka, kabla ya jambo lolote, alipiga simu kwa jirani akauliza.

*

Binti wa Mzee Nukta alimfungulia mlango akiwa na utepe wa kupimia shingoni, macho mekundu. Alikuwa amekaa siku nne peke yake katika nyumba ya baba yake, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, alikuwa ameshona mapazia yote upya.

Inspekta alipita jikoni kwa mara ya tatu. Rafu iliyo juu ya jiko bado ilikuwa na duara la chupa ya kioo, na ukutani mvuke ulikuwa umechora ramani. Nyuma ya kabati, kopo lilipokuwa, palikuwa pakavu na safi, pametandikwa karatasi. Kama hapo ni mahali pa kuficha, mfichaji alijisumbua sana kupapiga pasi.

Nyumba nzima ilikuwa na alama nyekundu. Kalenda ya ukutani ilikuwa na neno Alhamisi lililorekebishwa miezi yote kumi na miwili. Pakiti ya chumvi ilikuwa imetiwa herufi kubwa mahali pake. Barua ya kampuni ya maji ilikuwa imesahihishwa, ikapewa alama kumi na moja kwa ishirini. Binti, pamoja na hasira zake, alimsimulia Inspekta jinsi kadi ya harusi ya kaka yake ilivyokuja na makosa mawili, na baba yao akakataa katakata kuhudhuria mpaka ichapwe upya.

"Ikachapwa?"

"Ikachapwa. Wifi mwenyewe ndiye aliyeipeleka kwa mchapaji. Hakusema neno." Aliuvuta utepe shingoni. "Huyo hasemi neno, dada. Mtu asiyesema utajuaje anapika nini?"

Inspekta alimuuliza yeye alikuwa akimpa mzee unga huo vipi. Binti alieleza kwamba alimchanganyia alasiri, akitoka kulala, wakakaa mlangoni, yeye akidarizi na mzee akimsahihisha anavyoongea. Akasema hakujua habari za mwanga na mvuke. Aliuweka juu ya jiko ili asiusahau. Baba alikuwa mzima. Unga ulikuwa kahawia na baba alikuwa mzima. Wifi akaja na unga wake mweupe na kopo lake jeusi, na baba akawa mtu wa kuongea na birika.

"Sasa niambie wewe uliyesoma," alisema, "ni nani alimdhuru?"

Inspekta alitoa kopo kwenye mfuko wa ushahidi, akaligeuza mkononi kwa mara ya ishirini. Kikaratasi cha maelezo kilikuwa kimegundishwa kwa selotepu ubavuni. Mkaza mwana alikibandua kwenye chupa ya zamani akakihamishia hapo, kwa kuwa ghalani walifundishwa kwamba maelezo yaufuate mzigo. Mwandiko wa mfamasia ulikuwa wa buluu: kijiko kimoja, maji ya baridi, weka pakavu. Juu yake kalamu nyekundu ilikuwa imepita kama ilivyopita kila mahali. Nukta mbili zimetiwa. Herufi moja imekuzwa. Neno masaa limekatwa, likaandikwa saa. Inspekta alitabasamu kidogo, maana hata yeye shuleni aliandikishwa mara hamsini ubaoni kwamba saa ni saa, iwe moja iwe mia, na masaa ni ya wavivu.

Akalirudisha kopo mfukoni.

*

Duka la dawa lilikuwa la mlango mmoja, na mfamasia wake ni mtu mfupi mwenye koti jeupe lililozidi mikono. Alimkumbuka binti wa mzee vizuri. Alimkumbuka pia mkaza mwana, aliyekuja kununua pakiti nyingine na mtoto mgongoni.

"Nilimuuliza, maelezo unayo? Akasema anayo nyumbani. Basi sikumwandikia tena."

Inspekta alimwomba ayarudie maelezo yenyewe, na mfamasia akayarudia kwa raha ya mtu ambaye wateja huwa hawamsikilizi. Unga wa namna hii una maadui watatu, yaani unyevu, mwanga na joto. Kopo lisilopitisha mwanga, kifuniko kikaze. Usiweke bafuni, usiweke juu ya jiko, usiingize kijiko kibichi. Kile kifuko usikitoe. Ukigeuka kahawia, mwaga. Maji yasiwe ya moto, na ukishachanganya unywe, usiseme utarudi.

Kila jambo alilolitaja, yule mwanamke wa mahabusu alikuwa amelifanya. Kila moja. Inspekta alisimama mbele ya kaunta ya kioo akihisi kichwa chake kimekuwa kama uzi uliochezewa na paka. Amekuja kutafuta kosa, na amepata mtu ambaye hakukosea. Kama hakukosea, mzee anaumwa nini? Na kama kuna sumu ambayo daktari haijui, alitoa wapi sumu hiyo mpakiaji wa chai mwenye mtoto mchanga?

Simu yake ililia. Alikuwa Mkuu.

"Uko wapi?"

"Duka la dawa, afande."

"Nilikwambia saa sita. Sasa ni saa sita na dakika mbili. Nimekaa hapa na faili, na mwendesha mashtaka yuko mlangoni."

Inspekta alitazama kiganja chake. Jasho lilikuwa limefuta nusu ya ile tarakimu, umebaki mkia.

"Afande, ulinipa saa sita. Nimetoka kwako saa tatu. Saa sita zinaisha saa tisa."

"Nilikupa mpaka saa sita. Ya mchana. Nani anatoa masaa sita kwa kopo la vitamini?"

Inspekta aliishusha simu kidogo kutoka sikioni, akaitazama. Nje gari la takataka lilipita, vioo vya kaunta vikatetemeka.

"Inspekta?"

"Rudia, afande."

"Nirudie nini?"

"Hilo neno. Masaa."

"Wewe una homa?"

Lakini alikuwa ameshaiweka simu juu ya kaunta, haijakatwa, na mikono yake inafungua mfuko wa ushahidi. Alilisimamisha kopo mbele ya mfamasia, kikaratasi kikimtazama yeye.

"Nisomee mstari wa mwisho. Kama ulivyo sasa, na wino mwekundu."

Mfamasia aliinama. "Saa nne baada ya dawa."

"Ndivyo ulivyoandika?"

"Hapana. Mimi niliandika masaa manne. Hii hapa chini bado inaonekana. Mtu amenisahihisha." Alicheka kidogo. "Na kwa kweli ana haki. Kwa sarufi."

"Sasa sahau kwamba uliandika wewe. Wewe ni mgeni, umeingia jikoni, umekuta kopo, umesoma hivyo. Glasi unaitoa lini?"

Mfamasia alifungua mdomo ajibu haraka, halafu akaufunga. Alisoma tena, midomo ikienda polepole. Cheko lilikuwa limemtoka usoni.

"Saa nne," alisema. "Asubuhi. Baada ya dawa."

"Dawa anakunywa saa tatu na nusu."

"Nusu saa?" Mfamasia alivua miwani. "Kila siku?"

"Kila siku. Wiki kumi. Hakukosa hata moja."

Akaeleza, na Inspekta akaandika. Humo kwenye unga mna magnesiamu na zinki. Kwa watu wengi hayana neno. Lakini kidonge cha tezi ya shingo yakikikuta tumboni yanakikamata, kidonge hakiingii mwilini, kinapita tu na kutoka. Ndiyo maana alivitenganisha kwa masaa manne. Mtu wa namna hiyo atameza kidonge kila siku, ukihesabu chupa haikosi hata kimoja, na mwilini mwake ni kama ameacha dawa. Atasikia baridi. Atavimba uso. Moyo utapiga kwa uvivu. Atachanganyikiwa.

"Na yule binti hakumdhuru," alisema Inspekta, "kwa sababu wewe ulimwambia kwa mdomo."

"Nilimwambia alasiri. Kwa mdomo, hapa hapa."

Simu juu ya kaunta ilikohoa. Mkuu alikuwa anasikiliza.

"Afande, nahitaji kumpigia daktari."

"Nakupa..." alisema Mkuu, akasita. Inspekta alimsikia akivuta pumzi, akichagua. "Mpaka saa kumi. Ya jioni. Kwa saa ya ukutani, ya ofisini kwangu."

*

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kukisia. Kisha akasema kwamba siku ya kwanza kabisa aliandika tezi kwenye karatasi yake ya kwanza, juu kabisa, na baada ya kuvihesabu vidonge akaikata.

"Niliikata kwa mkono wangu," alisema. "Nikaenda kutafuta sumu, kwa kuwa polisi walikuja na neno sumu."

Akatuma damu ipimwe upya. Saa tisa na nusu majibu yakaja: damu ya mzee ilikuwa ya mtu aliyeacha dawa zaidi ya miezi miwili. Daktari alikuwa ameshamwanzishia dawa ya tezi kwa njia ya sindano. Alisema haahidi kitu, mzee ni mzee, lakini sasa angalau anatibu ugonjwa uliopo.

Mkuu aliisoma ripoti akiwa amesimama. Aliirudia. Halafu akaketi, akachukua faili, akaandika juu yake maneno machache, na Inspekta akamwona akifuta neno moja na kuandika jingine.

*

Inspekta alimweleza yule mwanamke mwenyewe, mle mle kwenye chumba cha mahojiano, mlango ukiwa wazi. Alidhani atalia, au atacheka. Yule mwanamke alisikiliza akiwa ameweka viganja mezani kama asubuhi.

"Kwa hiyo hakuna sumu."

"Hakuna."

"Ila ni ile glasi."

"Ni saa ya glasi. Ni neno, mama. Baba yako alisahihisha neno."

"Neno halikushika glasi, afande. Mimi ndiye niliyeshika." Alisema taratibu, bila kujitetea wala kujilaumu, kama mtu anayehesabu mzigo uliofika pungufu. "Kengele ikilia tu. Siku nyingine alikuwa hataki. Nilikuwa namwambia, Baba, kunywa, ni kwa faida yako."

Inspekta alitafuta la kumwambia. Chuoni walifundishwa jinsi ya kumwambia mtu kwamba ameshikwa. Kumwambia mtu kwamba hakukosea, na bado jambo lilipita mikononi mwake, hilo hawakufundishwa. Alimwambia lile tu alilokuwa na hakika nalo: kwamba kama asingekuwa mwaminifu kiasi kile cha kukumbuka saa, dakika na kengele, hakuna mtu ambaye angejua mzee anaumwa nini, na leo daktari angekuwa bado anawinda sumu.

Kwenye ukumbi wa kituo, binti wa Mzee Nukta alikuwa amesimama karibu na kaunta, mtoto begani. Alikuwa amepita kwa jirani akamchukua. Hakumtazama wifi yake usoni. Alikuwa akiuviringisha utepe wa kupimia kwenye kidole cha mkono uliokuwa huru.

"Alikuwa analia," alisema. "Nikaona nimlete."

Mkaza mwana alimpokea mtoto, akageukia ukuta, akajifunika mtandio, akanyonyesha pale pale. Ukumbi mzima ulitazama pembeni.

"Sikukwambia alasiri," alisema binti, akiuambia mgongo wake. "Nilipokuwa naondoka. Nilijua, na sikukwambia. Nilisema kikaratasi kipo, kinatosha."

Mgongo uliinama, mtoto akahamishwa titi la pili.

"Na chupa, wifi," hatimaye ulijibu. "Juu ya jiko haikai chupa."

"Haikai," alikubali binti.

*

Siku ya kumi na sita Inspekta alikwenda hospitali na karatasi ya mwisho ya faili, apate sahihi ya mzee. Mzee Nukta alikuwa ameketi kitandani, uso umerudi kuwa na mifupa yake, blanketi limesukumwa chini kwa sababu alikuwa anasikia joto. Alisoma maelezo yote ya Inspekta, kurasa tatu, kalamu nyekundu sikioni. Akatia mkato mmoja na kuhamisha neno moja. Kisha akatia sahihi, akasema polisi wa siku hizi wanaandika vizuri kuliko waandishi wa habari, na sauti yake bado ilikuwa na mchanga ndani.

Mkaza mwana alikuwa upande wa dirisha. Alikuwa amekuja na kopo jeusi, kwa ruhusa ya daktari, na kikaratasi kipya kabisa alichokiandika mwenyewe kwa herufi kubwa za ghalani. Hakukigundisha. Alikiweka mapajani mwa mzee, karibu na mkono wake, akarudi dirishani kwa mtoto wake.

Mzee Nukta akakiinua karibu na macho.

KIJIKO KIMOJA. MAJI YA BARIDI. MASAA MANNE BAADA YA DAWA, YAANI ALASIRI

Inspekta alimwona akichomoa kalamu sikioni. Binti, aliyekuwa akidarizi pembeni, alisimamisha sindano hewani. Ncha nyekundu ilishuka mpaka kwenye lile neno, ikatua juu yake, ikakaa. Taya la mzee lilikuwa likienda kama la mtu aliyeuma punje ya mchanga katikati ya wali na hawezi kuitema mbele ya wageni.

"Masaa," alisema.

Dirishani, mkaza mwana alimrekebisha mtoto begani.

Mzee aliiburuta kalamu juu ya karatasi, bila kuigusa, mpaka mwisho kabisa wa mstari. Hapo akaibonyeza mara moja, akatia nukta iliyokuwa imesahaulika, na kumrudishia mkaza mwana wake kikaratasi akigundishe.